Mwaka Niliowashonea Watu wa Kwenye Kioo

Kwa nini mtu mwenye ufunguo mfukoni hukaa siku tatu akimtazama mwenzake akisingiziwa, ilhali angefungua mlango mmoja tu na kila kitu kingeonekana? Nimejiuliza swali hili katika vyumba vingi, tangu bweni la chuo kikuu hadi dawati ninaloandikia sasa, na majibu niliyokusanya ni mengi kiasi kwamba wingi wake unanionyesha kuwa lililo sahihi halimo. Niliogopa, hilo ni kweli. Lakini mwaka ule niliogopa mambo mengine mengi na bado niliyasema. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, wala si mtoto. Nilijua kusema. Ninaloweza kufanya leo, na ninalifanya kwa moyo mwepesi kuliko nilivyotarajia, ni kueleza mwaka huo ulivyokuwa.

Mwezi uliopita nilitumwa Kabambare kusimamia mitihani. Nilitoka Kasongo kwa pikipiki alfajiri, na tulipofika jua lilikuwa limeshuka, pindo la sketi yangu limeraruliwa na mnyororo, nami siwezi kuingia mbele ya walimu wakuu nikiwa hivyo. Mwenyeji wangu akanielekeza kwa mshonaji karibu na soko. Kulikuwa na cherehani nne ukumbini, wasichana wawili wakipasi, na mwanamke mnene kidogo, utepe wa kupimia shingoni, ambaye aliinua macho kutoka kwenye kitambaa na kunitazama kwa muda mrefu. "Feza," alisema, bila kupandisha sauti, kana kwamba nilitoka uani dakika chache zilizopita, "mupaka leo unavaa sketi ndefu ku pikipiki?" Nikamuuliza kama ni Riziki, mwenzangu wa mwaka ule. "Njo mimi. Vua, nishone. Pazia iko pale." Nilisimama nyuma ya pazia nikiwa nimejifunga kitenge chake, nikisikiliza cherehani ikila pindo langu. Jioni alinikaribisha wali, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, na samaki mkavu, tukala kwenye sahani moja. Alizungumza juu ya wateja wake, juu ya mume wake aliye dereva, juu ya bei ya uzi. Jambo letu hakuligusa mpaka tuliponawa mikono.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na nina diploma ya serikali mkononi, lakini zamu yangu ya kwenda chuo kikuu ilikuwa mwaka uliofuata. Nikapelekwa Kasongo, kwa shangazi Mwamini, nikae kwake nijifunze kushona, naye ndiye angemwandikia baba kusema kama nimekuwa mtu wa kuaminiwa mbali na nyumbani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya matofali ya kuchoma: cherehani tatu za kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, pasi ya makaa iliyokaa dirishani ili moshi utoke. Chumba cha nyuma nililala na Riziki, mwanafunzi wa kwanza wa shangazi, aliyetoka Wamaza na kunipita kwa mwaka mmoja. Mkeka wake ulikuwa upande wa mlango, wangu upande wa ukuta, na ukuta huo ulipakana na uchochoro ambamo wanawake waliorudi sokoni walisimama kupumzika. Tulisikia habari za mji mzima tukiwa tumelala chali. Riziki alikuwa na kazi moja ambayo shangazi hakumpa mwingine: kufagia sakafu na kukusanya mabaki ya vitambaa. Kwetu kitenge cha arusi hakionyeshwi kabla ya siku yake. Familia hukichagua kwa siri, huagiza majora ya kutosha kila ndugu, na anayekivaa siku hiyo amehesabiwa kuwa wa ukoo. Kwa hiyo mabaki, hata yenye upana wa vidole vitatu, hufungwa na kurudishwa kwa wenyewe, mtu asije akayapeleka kwa mfanyabiashara akatafutiwa jora linalofanana. Mshonaji akipoteza kipande hupoteza jina.

Upande wa pili wa ua alikaa Shabani. Alikuwa amesoma kompyuta miaka miwili Bukavu, akarudi na mashine tatu zilizochoka, betri, paneli za sola na jenereta iliyokohoa, akafungua chumba cha michezo. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa nchi kubwa yenye baridi, ambamo mtu hutembea kutoka kijiji hadi kijiji, hununua, hupigana, hujenga nyumba. Kila anayeonekana humo, rafiki au adui, amevaa buti, manyoya na koti la kufika magotini. Mafundi baiskeli, walimu, wauza samaki wa Nyangwe waliopita mjini, wote walikaa pale wakitawala nchi ya theluji ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona. Wenye mchezo walikuwa wametoa toleo jipya, ambalo lilimruhusu mtu kuongeza mavazi yake mwenyewe kwa wepesi, lakini mashine za Shabani hazikuweza hata kulifungua. Yeye alikuwa na toleo la zamani, na katika hilo la zamani alikuwa ameamua kwamba watu wa Kasongo watavaa nguo za Kasongo.

Nilifika kwake mara ya kwanza na Riziki, kuchaji simu ya shangazi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mwanamke amevaa kitenge cha kwanza alichokitengeneza Shabani kwa majuma matatu. Kilikuwa kigumu, kimepanuka chini, na alipotembea miguu yake ilitokeza mbele kama kuku anayetoka kwenye tenga.

"Hii nguo ulikata weye?" nilimuuliza.

"Sikukata. Nilichora."

"Inaonekana. Mama wa watu amevaa mulango."

"Mulango iko heri," alisema Riziki, "inafunguka."

Shabani hakukasirika. Alivuta kiti cha pili. "Sasa weye mushonaji, ukae hapa unionyeshe." Nami nikakaa, na kukaa huko kukawa mwaka mzima.

Alinieleza kwamba kila umbo ndani ya mchezo limefanywa kwa pembetatu ndogo zilizounganishwa, na kwamba rangi ya nguo huchorwa kwanza kwenye karatasi bapa, kisha mashine huizungushia mwili. Tatizo lake lilikuwa kujua mahali pa kuipasua hiyo karatasi. Aliponionyesha, nilicheka. Ilikuwa karatasi ya kukatia nguo, ile ile tuliyoitandika kila asubuhi juu ya meza ya shangazi: mgongo upande huu, kifua upande ule, mikono miwili imelazwa kandokando. Alikuwa ameupasua mwili katikati ya kifua, mahali ambapo hakuna mshonaji angepitisha mshono. Tulihamisha mishono ikaenda ubavuni na chini ya kwapa, na kwa mara ya kwanza maua ya kitenge yalizunguka kiuno bila kukatika. Ninafundisha hesabu za maumbo leo, na sijawahi kupata furaha ya kufahamu iliyozidi ile. Kitu nilichokuwa nakidharau kwa mikono yangu, kazi niliyoifanya nikisubiri maisha yangu yaanze, kilikuwa ndicho alichokosa msomi wa Bukavu.

Tulikosea mengi. Kila nukta ya nguo ilipaswa kuelekezwa mfupa wa kuufuata, na siku tuliyosahau, mwanamke alitoka nje ya nyumba yake huku kitenge kimebaki kimesimama mlangoni peke yake. "Kimekatala kutoka bila ruhusa ya bwana," alisema Riziki, aliyekuja kuniita chakula. Kosa lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa langu. Kila mwanamke niliyemshonea alipoingia sokoni, mchezo ulizimika. Shabani alihesabu pembetatu za sketi akakuta ni mara mbili ya zile alizozitegemea.

"Muko nini humu ndani?"

"Shimizi."

"Nani ataiona?"

"Hakuna mutu. Shimizi haionekani."

Aliweka kichwa juu ya meza akacheka mpaka machozi. Mashine ya zamani ilikuwa na kiwango chake cha pembetatu, nami nilikuwa nikikivuka kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu anayetoka mbele za watu bila nguo ya ndani ya sketi. Tulizitoa. Kwa wiki nzima sikuweza kumtazama yeyote kati ya wale wanawake akisimama mbele ya jua la mchezo.

Toleo lile lilikuwa na ugumu mwingine, na huu ndio uliotuangusha. Halikuwa na mahali pa kuongeza nguo. Lilikuwa na kabati la nafasi chache zilizokwisha kujazwa, na ukitaka kuingiza yako ulipaswa kuondoa moja ya wenyewe na kuweka yako kwa namba ile ile. Tuliondoa koti la mvuvi tukaweka libaya, blauzi ya kitenge ya mikono mifupi. Tuliondoa vazi la askari tukaweka kanzu nyeupe, na mzee mmoja muuza mafuta ya mawese aliyevutiwa na kanzu hiyo akaanza kuja kila Ijumaa baada ya sala kuangalia tu, bila kucheza. Watu waliniletea maombi. "Dada Feza, unishonee suti kama ya mukwe wangu, lakini ikae vizuri kuliko yake." Shangazi aliamini nakwenda kwa Shabani kujifunza kupiga mashine ya kuandikia, jambo la faida kwa mwanafunzi wa chuo, na aliniruhusu saa moja kila alasiri. Sikumwambia uongo wazi. Nilimwacha aamini.

Kisha kikaja kitenge cha Mama Zaituni. Alikuwa shangazi wa bibi arusi, mwanamke mrefu aliyezoea kusikilizwa, na aliingia kwa mlango wa nyuma na majora yamefungwa ndani ya shuka. Shangazi Mwamini alifunga dirisha kabla ya kufungua fundo. Rangi ya msingi ya kitambaa ilikuwa buluu ya usiku, na juu yake manyoya ya kanga yenye madoa meupe, kila unyoya umezungushiwa mstari mwembamba wa rangi ya manjano. Sijawahi kuona kizuri kuliko kile. Siku ya tatu ya kukata, kipande cha ukubwa wa kiganja kilianguka chini ya meza karibu na mguu wangu. Nilikiokota nikakitia kifuani. Niliwaza kwamba ningekipeleka kwa Shabani, angekipiga picha, ningekirudisha kabla ya jioni. Lakini jioni Riziki alikuwa amekwisha kufunga mabaki, na kukiingiza ndani ya fundo kungenilazimu kueleza.

Shabani aliipanga picha ile vizuri, manyoya yakakutana kwenye mishono kana kwamba yamefumwa huko. Akaniuliza aiweke nafasi ipi ya kabati. Nilimwambia ya kwanza. Sikufikiri mara mbili. Kwetu sanduku la bibi arusi likifunguliwa mbele ya wakwe, nguo bora ndiyo hutangulia kutolewa, na mtu akiweka nyingine juu yake amewadharau waliomlea. Vipi ningeweka vazi zuri kuliko yote nyuma ya suruali za wavuvi? Nilimvika mwanamke wangu, nikamtembeza hatua chache katika nyumba yake, nikaenda kula.

Waliolitunga toleo lile hawakuwa na sanduku la arusi akilini. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya nguo anayopewa kila asiye na nguo yake mwenyewe. Alasiri iliyofuata nilikuta chumba cha Shabani kimejaa vicheko. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amevaa manyoya ya kanga. Wachimba makaburi pia, na wachunga mbuzi, na majambazi wenye mashoka waliojificha msituni, na maiti moja iliyolala kando ya njia. "Feza," alisema Shabani, "umeolesha inchi muzima." Nilimwomba aondoe. Alisema kazi hiyo ni ya saa kadhaa, na jenereta ilikuwa imeharibika. Angeondoka alfajiri kwenda Kabambare kutafuta kifaa, akirudi tungerekebisha pamoja. Akanipa ufunguo ili nifungue madirisha mchana, mashine zisipate unyevu. Chumba kikafungwa. Nilijiambia kwamba jambo limekwisha.

Walioona alasiri ile walikuwa na nyumba za kurudi. Siku mbili baadaye Mama Zaituni aliingia kwa mlango wa mbele, mchana, mbele ya wateja. Wapwa zake walikuwa wamesema mezani kwamba kwa Shabani watu wote wanavaa kitenge cha arusi.

"Mwamini," alisema, akiviita vitenge kwa jina letu la nyumbani, "nilikuletea bikwembe kwa mulango wa nyuma. Vimetoka kwa mulango gani?"

Shangazi alileta mafundo ya mabaki, akayafungua mezani, akapanga vipande kando ya ruwaza ya kukatia kimoja kimoja. Mwishoni pakabaki pengo la ukubwa wa kiganja. Kisha Mama Zaituni akamtazama Riziki. "Na huyu musichana, juu ya nini anaonekana kila siku ku mulango ya Shabani?"

Alionekana kwa sababu alikuja kuniita chakula. Riziki alisema hivyo hivyo: "Naendaka kumwita Feza." Mama Zaituni akatabasamu kwa namna ambayo nilikuja kuifahamu vizuri zaidi nilipokuwa mtu mzima, tabasamu la mtu anayeona msichana anamsingizia mwenzake aliyesoma ili kuficha mwanamume. Shangazi akanigeukia. "Feza, weye uko unaenda kule. Uliona mutu amevaa?" Nikajibu, "Sikuona mutu." Jibu hilo lilikuwa kweli kwa kila herufi, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusema.

Siku tatu zilizofuata ninazikumbuka kwa milo yake. Siku ya kwanza ugali na mboga ya lengalenga. Riziki alipika, akagawa, akala jikoni. Siku ya pili maharage. Shangazi alitangaza kwamba Mama Zaituni anaweza kubadilisha kitenge na kupeleka kazi kwa mshonaji mwingine, na kwamba hata asipofanya hivyo Riziki atarudi kwao Wamaza, pikipiki imekwisha kuagizwa. Jioni hiyo, nikiwa mkekani, nilisikia wanawake wawili uchochoroni. "Ule wa Wamaza alimupa bwana yake kikwembe cha watu." "Kipande ao jora?" "Jora, banasema. Na tumbo iko." Riziki alikuwa macho. Nilisikia pumzi yake. Kipande kilikuwa ndani ya daftari langu la hesabu, ufunguo ulikuwa kwenye fundo la kitenge changu, na kati ya mikeka yetu palikuwa na nafasi ya kupitisha mtu mmoja. Nilihesabu nitakachopoteza: barua ya shangazi kwa baba, kiti changu chuoni, kurudi nyumbani nikiwa mwizi wa kipande cha nguo. Sikuhesabu atakachopoteza yeye. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo hadi leo, kuliko hata kimya chenyewe.

Basi mwezi uliopita, tulipokwisha kunawa mikono nyumbani kwake, Riziki alichukua sahani akaiweka kando, akasema bila kunitazama, "Ile siku nilikuona ukiokota."

Nilimuuliza alichokiona.

"Kile kipande. Ulikiweka hapa." Akagusa kifua chake. "Nikasema, atakirudisha. Nikafunga mabaki polepole, nikikungoja."

"Juu ya nini hukusema? Mama Zaituni alipokuwa pale, juu ya nini hukusema?"

"Kwa nani? Weye mutoto wa ndugu yake, uko na diplome. Mimi mufagiaji. Wangesema nimezidisha." Alifuta meza kwa kiganja. "Halafu nilijua utasema. Sikujua tu siku gani. Ile asubuhi pikipiki ilipofika nikasema, basi, huyu amechelewa." Akacheka, kicheko kile kile cha mlangoni kwa Shabani. Mimi sikuweza kucheka mara moja. Kwa miaka yote nilijiona nimemficha mtu jambo, kumbe nilikuwa nimejificha mbele ya mtu aliyekuwa akinitazama. Na bado niliposhuka kwenye baraza lake usiku ule nilihisi mwili wangu mwepesi. Alijua mabaya yangu yote tangu mwanzo, na siku ile ile alinishonea sketi.

Niseme mapema jinsi jambo lilivyokwisha upande wa wenye kitenge, kwa kuwa sipendi msomaji amwogope Mama Zaituni bure. Nilimfungulia chumba mchana wa siku niliyokiri, yeye na wadogo zake wawili, shangazi Mwamini na Riziki. Betri ilikuwa na nguvu ya kuwasha mashine moja. Walisimama nyuma yangu wakinuka marashi na moshi wa jikoni, nami nikatembeza mtu wangu hadi kijiji cha kwanza.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mama Zaituni.

"Mwenye nyumba ya wageni, mama."

"Na ule mwenye shoka?"

"Mwizi."

"Mwizi naye amevaa arusi ya mutoto wangu." Kisha mdogo wake akasema taratibu, "Dada, ukoo yetu imekuwa mingi," na wakaanza kucheka, Mama Zaituni mwisho wa wote, akishika ukuta. Aliniuliza kama mtu wa mji mwingine anaweza kuviona. Nilimwambia havipo popote ila ndani ya mashine hizi tatu. Alifikiri. "Basi kikwembe hatubadilishi. Lakini wale wezi, uwavue wote. Mwenye hoteli anaweza kubaki mupaka siku ya arusi, anaonekana mutu wa heshima." Kisha akamshika Riziki mkono mbele yetu sote, akamwomba msamaha kwa maneno kamili, na jioni alikwenda uchochoroni yeye mwenyewe akayarudia kwa sauti ya kusikika. Adhabu yangu ilikuwa kupinda mapindo yote ya arusi ile kwa sindano ya mkono. Shangazi alimwandikia baba kwamba niko tayari kwa chuo, na kwamba katika kushona sitafika mbali kwa kuwa ninapenda watu wasiolipa.

Lakini hayo yalikuja baada ya kusema, na kusema ndiko kulikokuwa kugumu. Siku ya tatu tulikula wali na samaki wa Nyangwe, chakula cha kumuaga mtu. Shangazi alimwita Riziki akae mezani nasi. Alimwekea kipande cha katikati, akampa mkasi mdogo uliofungwa kwa kitambaa, akamwambia akashone kwao, asiache mikono ikalala. Nilielewa kwamba hakuwa na hakika. Alikuwa akimfukuza msichana ambaye moyoni hakuamini amekosa, kwa sababu kazi yake ilihitaji mtu mmoja abebe lawama. Riziki alipokea mkasi kwa mikono miwili akasema, "Aksanti, mama." Hakunitazama. Niliweka tonge chini. Kama ningesema pale mezani ningeonekana nimeguswa na huruma ya mlo, na kesho ningepunguza maneno. Nilitaka kusema nikiwa na kipande mkononi na pikipiki ikiwa mlangoni, mahali ambapo singeweza kurudi nyuma. Au hizo ni sababu ninazozipamba sasa. Ninalojua ni kwamba nilipoinuka kwenye kiti nilikuwa nimeamua, na usingizi ulinichukua mara tu nilipolala, kwa mara ya kwanza tangu Mama Zaituni aingie.

Kulipokucha kulikuwa na ukungu. Dereva alifika mapema, akalifunga begi la Riziki nyuma ya kiti kwa mpira mweusi wa tairi. Shangazi alikuwa akiwasha pasi dirishani. Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikafungua daftari la hesabu, nikaweka kipande juu ya meza ya kukatia, kwenye pengo. Nikasema mimi ndiye niliyekiokota. Nikasema nilikipeleka kwa Shabani kikapigwa picha, kwamba hakuna mtu aliyekivaa isipokuwa watu wa kwenye kioo, kwamba sikuwa nikijifunza kupiga mashine, kwamba Riziki alikuja pale kuniita chakula na si kwa lingine. Nilisema yote kwa mfuatano, bila kulia, kama mtu anayesoma hesabu ubaoni. Nikampa ufunguo. Shangazi alikigeuza kipande, akakipapasa ukingo kwa kidole gumba, akakisukuma mpaka mstari wa manjano ukakutana na mwenzake.

"Siku tatu," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

Nje dereva alipiga honi mara moja. "Mama, tunaenda ao hatuendi?"

Shangazi alinitazama mimi, akasubiri. Nilitoka uani. Riziki alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mkono mmoja juu ya kiti, naye alikuwa amesikia yote. Niliinama nikafungua mpira ule mwenyewe, mafundo mawili yaliyokazwa kwa safari ndefu, nikavunja ukucha kwenye la pili. Begi likaniangukia mikononi. Lilikuwa jepesi sana. Nikalibeba kupitia karakana mpaka chumba cha nyuma, nikaliweka juu ya mkeka wake, upande wa mlango.